Sisi Hatupigi Kura

Karatasi ilisukumwa chini ya mlango wetu Jumatatu asubuhi, nami nikaikanyaga kabla ya kuisoma. Ilikuwa na mistari minne. Kamati ya wakaazi ilitujulisha kwamba kwenye mkutano wa Jumamosi kura zilipigwa, wengi wakashinda, na kuanzia sasa hakuna ruhusa ya kufanya kanisa ndani ya nyumba yoyote ya jengo letu. Atakayekaidi atafute pa kuhamia. Chini kulikuwa na sahihi ya mwenyekiti, kubwa, yenye mkia mrefu, sahihi ya mtu anayependa kutia sahihi.

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani akifunga viatu aende kazini, kwenye ghala moja kule Midrand. Nilimsomea kwa sauti ambayo nadhani hata farasi wa uwanja wa mbio wa Turffontein waliisikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kiatu cha pili, kisha akasema kwa upole wake ule wa kuudhi, "Lakini sisi hatukukubali."

"Ndiyo! Hatukukubali!"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na sijui kama kuna watu wengine Johannesburg nzima ambao wangelifanya. Tangazo la mkutano wa wakaazi tuliliona mapema, limebandikwa mlangoni pa kufulia nguo, na lilisema wazi kwamba suala la kanisa la ghorofa ya tatu litajadiliwa. Sisi tukaamua kutokwenda. Mimi na mume wangu ni Marafiki, wale ambao vitabu vya historia huwaita Wakweka, na tulitoka kwenye vilima vya magharibi mwa Kenya ambako Marafiki ni wengi kama mahindi. Kwetu hatupigi kura. Jambo likiletwa mbele ya mkutano, watu husema, hunyamaza, husali, na kama mmoja tu hajaridhika, jambo hilo linasimama. Nakumbuka mabati ya kanisa letu yalivyokaa miaka miwili nyumbani kwa mchungaji kwa sababu mzee mmoja hakupendezwa na mahali ulipowekwa mlango. Miaka miwili tulinyeshewa, na hakuna aliyemwambia mzee yule kwamba wengi tumeshinda.

Basi tuliona kwamba ukitaka kuzuia neno, njia rahisi ni kulinyima kibali chako. Wakae wenyewe huko uani, wazungumze mpaka wachoke, bila sisi hawatafika popote. Jumamosi hiyo nilishona sketi tatu za sare za shule huku nikiimba. Waswahili walikwisha sema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, nami methali hiyo nilifundishwa shuleni na kuchapwa kwa kuisahau, lakini sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu.

Ninapoandika haya miaka imepita na nimekuwa mtu wa kucheka mambo yangu. Siku ile sikucheka hata kidogo. Kilichonichoma hakikuwa hata kuhamishwa, ingawa cherehani yangu ilikuwa hapo sebuleni na wateja wote wa mtaa walijua mlango wangu. Nilimwaza Mama Mzee.

Mama Mzee alikuwa Mkongo kutoka Uvira, Rafiki kama sisi, tena Rafiki wa tangu kuzaliwa. Aliishi na binti yake mlango wa pili kutoka kwetu. Vita vilimtoa kwao na safari ikammaliza miguu. Ilivimba, na ngazi za jengo alizishuka mara moja kwa mwezi kwenda kliniki, akishikwa huku na huku. Teksi hakuweza kuzipanda. Kutoka mlango wake mpaka wangu zilikuwa hatua kumi na nne, alizihesabu yeye mwenyewe, na hilo ndilo lilikuwa kanisa pekee lililokuwa karibu naye kiasi cha kufikika. Kila Jumapili saa tatu alikuja wa kwanza, akaketi kwenye kiti kile kile karibu na ngoma, mkono wake ukiwa juu ya mbao ya ngoma. Nilidhani ni kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Baada yake walifika wengine: binti yake, mtu na mkewe kutoka Burundi, na Wakenya wawili walinzi. Wanane kwa jumla, pamoja na mimi na mume wangu. Mimi niliongoza nyimbo, na mkija kuniuliza nani aliyepiga ngoma, ni mimi pia.

Nilimkuta mwenyekiti kwenye kijumba chake kando ya geti. Alikuwa mzee Mzulu aliyetumikia mabanda ya farasi tangu ujana wake, na sasa alikuwa amestaafu, akiongoza kamati yetu kwa bidii ya waziri. Tulizungumza kile Kiingereza chetu cha pale mjini, kilichotiwa Kizulu kama chumvi.

"Baba," nikamwambia, "siku za mbio vipaza sauti vya uwanjani vinapiga kelele tangu mchana mpaka jioni. Farasi wana ruhusa, Mungu hana?"

"Eish, mama. Farasi hawaishi humu ndani. Ulikuja mkutanoni?"

"Sikuja."

"Basi. Watu wameinua mikono, nimehesabu, imekwisha."

"Hamwezi kukata shauri juu yetu bila sisi kukubali."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Akavua kofia yake. "Mama, mimi nilipiga kura yangu ya kwanza mwaka wa tisini na nne. Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Nilisimama kwenye foleni tangu kabla ya jua, na jua likaniwakia, na nilikuwa na furaha. Hapa hatutaki tena mtu mmoja aseme na wengine wote wakae kimya. Mikono mingi inashinda. Ndiyo uhuru wenyewe."

Nilirudi juu nikipiga ngazi kwa visigino. Tangu utoto nilipenda hadithi moja tuliyosimuliwa shule ya Jumapili, ya mama mmoja Rafiki wa zamani aliyepanda merikebu kwenda nchi mpya ili aabudu apendavyo, na huko akakuta watu waliokimbia mateso kabla yake ndio wamemfungia mlango. Nilijiona mimi ndiye mama yule. Nilimwona mwenyekiti ndiye hao wa mlango. Na zaidi yake nilimchukia yule dada wa ghorofa ya pili, aliyekaa chini yetu kabisa, ambaye kila tukianza wimbo wa kwanza aligonga dari yake kwa ufagio. Nilijua ni yeye aliyepeleka mashtaka. Nilikuwa nimemwombea mara kadhaa, na si mema.

Jumapili ile tulikutana wote wanane, tukafunga dirisha. Mume wangu ndiye aliyekuwa karani wa mkutano wetu, kwa hiyo alifungua daftari akauliza tufanye nini. Mrundi alisema tutafute ukumbi Rosettenville. Mume wangu akamtazama Mama Mzee na miguu yake, wote tukamtazama, na neno la ukumbi likafia hapo. Ndipo Mama Mzee mwenyewe akasema.

"Bon. Marafiki ba zamani kabisa, kule Ulaya, hawakukuwa na ngoma. Hawakuimba. Baliikala kimya tu, mpaka Roho anasema. Nasi tuikale kimya. Nani atakuja kutukamata sababu ya kunyamaza?"

Wote waliliafiki. Hata walinzi wale wawili, ambao kwa kuimba walinipita, walisema sawa, neno ni jema. Mume wangu akaniangalia. "Na wewe?"

"Mimi naona hapana."

Nilieleza kwa kirefu, na sikueleza kwa upole. Nikasema Mungu hakunipa koo hili ili nikae kama gunia. Nikasema tukikubali kunyamazishwa leo, kesho tutaambiwa tusipumue. Nikasema Marafiki wa kwetu wanaimba, na hao wa kimya ni watu wa baridi ambao mimi siwajui. Nilipomaliza sikuona mtu aliyekasirika. Mume wangu aliandika kwenye daftari: *Jambo halijaiva. Mkutano utasubiri.*

"Bon, mama," akasema Mama Mzee. "Kama weye unakatala, tutaikala na weye mu ile hapana yako. Miguu yangu haina haraka."

Na wakasubiri. Desturi ya kusubiri ni kukaa pamoja bila kusema, kila mtu akiliweka neno mbele ya Mungu. Jumapili ya kwanza nilikaa nimekunja mikono, nikihesabu maua ya pazia. Nilijua ni arobaini na mawili na nusu. Baada ya saa moja mume wangu aliuliza kama kuna aliyepata mwanga. Nikasema sijapata. Tukashikana mikono, tukanywa chai, wakaenda zao.

Jumapili ya pili nilikuwa na hasira kidogo zaidi, kwa sababu nilikuwa nimetayarisha majibu ya kila hoja na hakuna aliyeleta hoja hata moja. Ni vigumu sana kugombana na watu saba waliofumba macho. Lakini kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kusikia. Nilisikia maji yakipita kwenye mabomba ya ukutani. Nilimsikia Mama Mzee akipumua, pumzi nzito yenye mluzi mdogo mwishoni. Na nikasikia, kutoka chini ya miguu yetu, mtu akikoroma. Saa nne asubuhi! Nikasema moyoni, tazama, mvivu mkubwa, ndiyo maana hataki kanisa.

Wiki hiyo nilikutana naye kwenye ngazi saa moja na nusu asubuhi, nikiteremka kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Yeye alikuwa anapanda. Alivaa sare ya muuguzi, viatu vyeupe vimechafuka, na alishika reli kama Mama Mzee anavyoishika. Alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyomdhania. Akaniamkia, "Sawubona, mama," nami nikaitikia kabla sijakumbuka kwamba namchukia. Nilinunua mkate nikarudi nimesahau chenji.

Jumapili ya tatu nilikaa. Mkoromo ulianza chini, taratibu, na nikajikuta natembeza kiti changu kwa uangalifu kisikwaruze sakafu. Nikafungua macho. Mrundi na mkewe walikuwa wameinamisha vichwa. Mlinzi mmoja alikuwa na machozi, na hakuyafuta. Hapo ndipo nilipoelewa walichonifanyia watu wale, ingawa mpaka leo wanaapa hawakukusudia. Au tuseme wanathibitisha, maana sisi hatuapi. Mimi nilikataa kuabudu kimya. Wao wakasema vema, tutakusubiri. Na kwa Jumapili tatu, huku wakinisubiri, walikuwa wanaabudu kimya, nami nikiwa katikati yao.

Nilianza kucheka. Nilijitahidi kuzuia, nikaziba mdomo kwa kitenge, lakini cheko lilitoka puani. Mume wangu akauliza, "Umepata mwanga?"

"Mmeniweza," nikasema. "Naafiki. Andika."

Lakini si werevu wao ulionigeuza. Lililonigeuza ni kwamba katika jiji lile ambapo mimi mgeni nilitakiwa kuomba radhi kwa kila kitu, kwa lafudhi yangu, kwa vibali vyangu, kwa sauti yangu, watu saba walikubali kusimamisha kila kitu chao kwa sababu mimi peke yangu sijaridhika. Mama Mzee angeweza kulipoteza kanisa lake la hatua kumi na nne kwa ukaidi wangu, na hakunisukuma. Nilijisikia tajiri. Sijui neno jingine.

Jumapili ya nne, mlango ukagongwa. Alikuwa mwenyekiti, na kofia yake, na daftari lake. Mtu alikuwa amewaona watu wakiingia na Biblia. Alisimama mlangoni akatutazama: watu wanane kwenye viti, hakuna anayesema, hakuna anayeimba, ngoma imefunikwa kitambaa.

"Mnafanya nini?"

Nilimkazia macho mume wangu. Sema tunapumzika, nilimwambia kwa macho. Sema ni wageni, wamekuja chai. Neno moja dogo na yule mzee angeshuka ngazi akaenda zake. Lakini nimeolewa na Rafiki, na Marafiki wana ugonjwa wa kusema kweli.

"Tunaabudu, Baba," akasema. "Karibu uketi."

Nikajua tumekwisha. Mwenyekiti alifungua daftari, akalifunga. "Kiongozi wenu ni nani? Nizungumze naye."

"Hatuna, Baba. Tunasubiri tu."

"Nami nitasubiri mmalize," akasema, akaketi kwenye kiti cha cherehani yangu. Alikaa na kofia kichwani, na hakuna aliyeona vibaya. Dakika za mwanzo alitazama saa. Baadaye aliacha. Aliweka mikono yake mikubwa magotini, mikono iliyoshika hatamu miaka arobaini, akakaa vile mpaka tulipopeana mikono ya kufunga ibada, na yeye akapewa ya kwake.

Akiwa na kikombe cha chai aliuliza, "Nani aliamua mkae kimya?"

"Wote," mume wangu akasema.

"Mlipiga kura?"

"Sisi hatupigi kura."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Mimi nikaingilia kabla hajavua kofia. Nikamwambia ya kwake ni ya heshima, foleni ile ya tisini na nne nimeiona kwenye picha na ilinitoa machozi. Lakini nikamwambia pia jinsi wenzangu walivyonisubiri. Nilimsimulia yote, na hesabu ya maua ya pazia, na hata cheko.

"Jumapili tatu?" akasema. "Kwa mwanamke mmoja?"

"Kwa mwanamke mmoja, Baba."

"Eish," akasema. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba yule mama wa miguu hana kanisa jingine. Nikamwambia ni kweli. Akasema atalirudisha neno letu kwenye kamati, na safari hii, kwa jina la Mungu, tuje.

Tulikwenda. Jumamosi iliyofuata mchana uani palijaa viti vya plastiki, na Mama Mzee alisikiliza kutoka dirishani. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeikariri siku nne, na ndani yake mlikuwa na farasi, katiba, na yule mama wa merikebu. Mwenyekiti akasimama akasema leo hatahesabu mikono haraka, leo kwanza kila mtu atasema mpaka amalize. Akampa nafasi yule muuguzi.

"Mimi siwachukii," akasema msichana yule, akitazama chini. "Wanaimba vizuri. Lakini natoka hospitali saa moja asubuhi, na Jumapili ndiyo siku ninayolala mpaka saa saba mchana, kwa sababu wiki nzima watoto wa dada yangu wako nyumbani. Naomba tu kulala."

Hotuba yangu ikayeyuka yote. Nilipoitwa nilisimama nikasema, "Lala, binti yangu. Tutaimba saa tisa alasiri."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkaazi mmoja alinung'unikia mpira wake wa saa tisa, tukamsubiri amalize kunung'unika, akasema basi, lakini ngoma isiwe kubwa. Mwenyekiti aliuliza, mara mbili, kama kuna aliyebaki na neno. Hakuwapo. Hata hivyo hakuweza kujizuia; akasema lazima tupige kura, ndiyo sheria. Mikono ikainuka uani kote. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama, na tukainua ya kwetu. Katika nchi ile sikuwa na haki ya kuchagua hata diwani, na nakiri nilipenda sana kuuona mkono wangu huko juu ukihesabiwa.

Jumapili iliyofuata, saa tisa, tulikuwa wanane tena, na ngoma imefunuliwa. Lakini nilikuwa na neno. Mtu hukaa na dawa chungu mpaka akaizoea. Nilisimama nikasema nimeupenda ule ukimya, na ninaomba tuanze kila ibada kwa saa moja ya kunyamaza, kisha ndipo tuimbe. Niliona mume wangu anatabasamu. Walinzi waliafiki, Warundi waliafiki, binti wa Mama Mzee aliafiki.

"Mimi ninakatala," akasema Mama Mzee.

Tulidhani hakusikia vizuri. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeleta wazo la kunyamaza.

"Nilileta sababu hamukukuwa na njia ingine. Kama hapa kungefungwa, tungetawanyika." Mkono wake ulikuwa juu ya mbao ya ngoma, mahali pake pa siku zote. "Lakini mama, bwana yangu, kule Uvira, ndiye alikuwa anapiga ngoma ya kanisa. Walimuua mu vita, sikumuzika. Kama weye unapiga, ninaweka mukono hapa, na ninamusikia. Hizi Jumapili zote sikumusikia."

Nilikuwa nimepigania koo langu kwa kelele za jengo zima, na huyu mama alimtoa mumewe sadaka bila kusema neno, akaniambia miguu yake haina haraka. Nilipiga magoti pale sakafuni nikashika miguu ile, na nililia, na sikuona aibu.

Mume wangu, karani, alifungua daftari. Aliandika kama desturi inavyotaka, kisha akasoma: "Jambo halijaiva. Mkutano utamsubiri Mama Mzee."

Akafumba macho, na wote wakafumba, tayari kusubiri kama tulivyozoea.

"Apana, apana," akasema Mama Mzee, akanisukumia ngoma. "Safari hii tungoje tukiimba."